Kaa Umwone Kaa: Mwongozo wa Kupiga Picha za Viumbe na Kujijua Mwenyewe

Daktari aliponiambia nitembee kila siku kwa sababu ya presha, miguu haikuwa na shida. Shida ilikuwa majirani. Mtaani kwetu mtu mzima akionekana anazunguka alfajiri bila mfuko wala jembe, haendi kazini wala msikitini, ataulizwa kapatwa na nini. Ndipo nikaanza kushika simu mkononi na kujifanya napiga picha. Kilikuwa kisingizio tu. Baada ya miezi mitatu hivi kisingizio kikanizidi nguvu: nikajikuta nakimbizana na maji kupwa kule Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, natambaa topeni kumfuata kaa asiyezidi kidole gumba.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida na saa mbili za kuiba kwa wiki. Hautakufanya mpigapicha wa kulipwa. Wapo wanaoijua kazi hiyo na mimi si mmoja wao. Ninachotaka kukuonyesha ni namna picha zako, hasa zile zilizoharibika, zinavyoweza kukueleza tabia ambazo hakuna mtu wa karibu anayethubutu kukutajia.

Onyo moja kabla hatujaanza. Kuna mtindo wa kupiga picha jua linapozama na kuandika chini yake “subira yavuta heri”. Subira ya nani? Picha ile imepigwa nusu dakika kupitia dirisha la gari. Ukienda kwa viumbe ukiwa na funzo lako tayari mfukoni, utarudi nalo lile lile.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pamoja pasipo na sifa

Wengi wakisikia picha za viumbe huwaza Serengeti, gari la kukodi na lenzi ndefu kama bomba la maji. Yaache hayo kwa sasa. Tafuta mahali unapofika kwa mguu au kwa daladala moja, pasipo na kiingilio, unapoweza kurudi mara mbili kwa wiki bila kuomba ruhusa kazini. Ukiwa Mwanza, mawe ya kando ya ziwa yanatosha kabisa: kuna pimbi, na kuna wale mijusi ambao dume ana kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu. Mombasa kuna mikoko ya hori la Tudor. Ukiwa bara kabisa, ua lenye maua halikosi chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda.

Mimi nilichagua kipande cha tope katikati ya mikoko, hakizidi uwanja wa netiboli. Mtalii haji pale. Kuna harufu, kuna chupa za plastiki, kuna ngalawa mbovu iliyolala ubavu. Miti mingi ni mchu, ule unaochomoza mizizi yake topeni kama vidole vya mtu aliyezikwa. Siku ya kwanza nilipatazama nikasema hapa hakuna kitu.

Sababu ya kung'ang'ania mahali pamoja ni hii: ukienda pwani leo, mlimani kesho na mbugani keshokutwa, picha ikiharibika hutakosa wa kumlaumu. Mwanga wa huku mbaya, wanyama wa kule waoga. Ukirudi pale pale mara ishirini, visingizio hupukutika kimoja kimoja mpaka unabaki wewe na simu yako.

Hatua ya pili: fuata saa ya mahali

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopoteza mwezi mzima.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo ukikuta tope limeachwa wazi leo saa tatu, wiki ijayo saa ile ile utakuta maji ya kiunoni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na kaa wote wako nje. Lakini Dar es Salaam bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, kila kitu kinaonekana bapa, vivuli vyeusi na tope linalomeremeta hadi macho yanauma. Mwanga mlaini unaupata saa moja hivi tu tangu jua lichomoze, na jua la hapa huchomoza saa kumi na mbili kasoro kidogo mwezi Novemba, na kuchelewa hadi kupita saa kumi na mbili na nusu mwezi Julai. Mwanga mzuri na maji mazuri hukutana siku chache tu za mwezi, siku tatu nne baada ya maji mafu, yale yasiyotoka mbali.

Sikulijua hata moja katika hayo. Nilikuwa nafika Jumamosi saa mbili, kwa sababu Jumamosi saa mbili ndiyo nafasi yangu. Nikikuta maji, nakasirika. Nimkasirikie nani? Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mti ndiye aliyenizindua.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Leo tena umechelewa.”

“Nimechelewa nini babu, saa mbili hii?”

“Saa mbili yako hiyo. Mwezi una siku ngapi leo?”

Nikamtajia tarehe ya kalenda ya benki iliyoko ukutani kwangu. Alicheka mpaka sindano ya wavu ikamponyoka.

Fanya hivi. Tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe; yapo mtandaoni bure, na mvuvi yeyote atakusaidia kulihakiki. Chukua kalenda, weka alama kwenye siku ambazo maji yanakupwa ndani ya saa moja na nusu tangu jua kuchomoza au kabla ya kuzama. Hizo ndizo siku zako za mwezi. Kisha panga mambo mengine yazizunguke. Usiye wa pwani una jedwali la namna nyingine: pimbi hutoka kuota jua asubuhi mawe yakianza kupata joto, na chozi hufuata maua yaliyofunguka. Utaligundua kwa kwenda nyakati tofauti na kuandika.

Kwa mwezi wa kwanza andika vitu viwili tu: saa uliyofika, na saa ambayo mahali palikuwa tayari. Tofauti yake itakuambia kitu. Kwangu, katika safari nane, mara sita nilifika kwa saa iliyonifaa mimi. Nilipolitazama daftari nikakumbuka jinsi ninavyomtembelea mama yangu: kila mara anapika, au anaswali, au anapumzika, nami nanung'unika kwamba hatupati nafasi ya kuongea.

Hatua ya tatu: vifaa, na tusikae sana hapa

Simu. Kitambaa laini cha pamba, maana upepo wa bahari huacha chumvi kwenye lenzi na picha zikatoka na ukungu ambao utaulaumu mwanga. Gunia au mfuko wa sandarusi wa kukalia. Yeboyebo miguuni, si kandambili, tope litazila. Kofia, maji ya kunywa, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino na unyevu haviafikiani. Mafuta ya usubi. Mwenzako mmoja, kama eneo lina vibaka. Picha ya kaa haina thamani ya simu. Na ujue maji yanarudi saa ngapi, yasije yakakuzunguka kwa nyuma ukiwa umeinama.

Usinunue kamera bado. Ukifika mwezi wa sita na bado unakwenda, hapo tuongee.

Hatua ya nne: kaa

Kaa hawa ninaowasema ni wadogo, wanachimba matundu kwenye tope la mikokoni. Dume ana gando moja kubwa ajabu, karibu lilingane na mwili wake, na jingine dogo. Jike ana madogo yote mawili. Ukitokea umesimama wima, uwanja unafagiwa mara moja: walikuwa mia, sasa ni matundu matupu. Chochote kinachochomoza juu ya upeo wa macho yao wanakihesabu kuwa adui, kwa kuwa ndege huwajia kwa juu. Kwa hiyo chuchumaa ungali mbali, sogea taratibu hadi hatua tatu kutoka kwenye matundu, tandika gunia, keti, na simu ibaki mfukoni kwa dakika kumi na tano.

Dakika kumi na tano ni nyingi kuliko unavyodhani. Dakika mbili tatu za mwanzo utasikia pikipiki barabarani na tumbo lako. Mnamo dakika ya nne au ya tano vinatokea vijiti viwili kwenye ukingo wa tundu, ni macho. Yanakutazama. Ukikohoa yanazama, na saa yako inaanza upya. Karibu dakika ya tisa dume anatoka mzima, anasimama ubavu, hafanyi kitu. Kisha anaanza kula: gando dogo linachota tope, linapeleka mdomoni, linachota tena, haraka haraka kama mtu anayekula ugali kabla basi halijaondoka. Kila baada ya muda anadondosha kijidonge cha mchanga alichokwisha kukifyonza. Jike jirani yake anachota kwa mikono miwili, zamu kwa zamu. Dume hana bahati hiyo. Gando kubwa halifai kwa kula, analibeba tu. Halafu ghafla analinyanyua juu na kulishusha, juu na chini, anapunga. Anamwita jike, au anamwambia dume mwenzake asivuke mpaka.

Wakati wote huo, jitazame na wewe. Andika mkono wako ulikwenda mfukoni dakika ya ngapi. Siku yangu ya kwanza ilikuwa dakika ya pili, na simu haikuwa imelia.

Tunaye mtu wa kumtolea mfano katika nchi hii hii. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na kwa miezi kadhaa walikuwa wakimwona tu wanatokomea. Alichofanya ni kupanda kilele kimoja siku baada ya siku na darubini yake, akikaa mahali wanapoweza kumwona, mpaka wakamzoea. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa limejaa mchwa. Mpigapicha Hugo van Lawick, ambaye picha zake zilimfanya Goodall ajulikane duniani, alifika mwaka 1962. Kukaa kulitangulia picha kwa muda mrefu.

Hatua ya tano: piga picha chache, na uzipige vizuri

Waliozaliwa zamani wanaukumbuka mkanda wa picha 36. Ukienda nao harusini unazihesabu: bwana harusi, bibi harusi, keki, wazee. Jiwekee kikomo hicho hicho kwa kila safari. Picha 36, basi. Siku ya kwanza nilipiga 410, na nilipofika nyumbani nilichoka kuzitazama kabla ya kufika mia.

Sasa ufundi wenyewe, kwa simu.

Futa lenzi kwanza. Kila mara.

Usivute kwa vidole viwili. Simu nyingi za bei ya kawaida hazivuti kitu, zinakata tu picha na kuitanua, ikatoka kama imepakwa kwa brashi. Sogea wewe. Kama huwezi kusogea bila kumfukuza, mpige akiwa mdogo ndani ya mandhari yake. Picha ya kaa mdogo mbele ya msitu wa mizizi ina habari nyingi kuliko kaa mkubwa asiyeonekana sura.

Igeuze simu juu chini. Lenzi huwa upande wa juu, kwa hiyo ukiishika kichwa chini, lenzi inagusa usawa wa tope na unamwona kaa kama kaa mwenzake anavyomwona. Hii ndiyo mbinu iliyobadilisha picha zangu kuliko zote, na haina gharama yoyote isipokuwa shati.

Bonyeza kidole kwenye kiumbe ukishikilie mpaka simu ifunge fokasi hapo, isije ikahamia kwenye jani la nyuma. Kwenye simu nyingi kutatokea alama ya jua au mstari. Ukiuvuta chini picha inakuwa nyeusi kidogo, juu inakuwa nyeupe. Hapa pana jambo la kulielewa. Kamera haijui inatazama nini. Inataka jumla ya picha iwe na mwanga wa kati. Yangeyange akisimama kwenye tope jeusi, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua: anabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Vuta mwanga chini mpaka uone manyoya, tope acha liwe jeusi. Ukipiga ngalawa yenye kivuli dhidi ya anga angavu, fanya kinyume chake.

Kiumbe anayetembea anahitaji kasi. Kama simu au kamera yako inakuruhusu kuchagua, anza na 1/500 ya sekunde kwa anayetembea na 1/1000 au zaidi kwa ndege anayeruka. Kama hairuhusu, subiri asimame. Kila kiumbe husimama. Yangeyange huganda kabla ya kudona, kaa huganda kabla ya kupunga, na ukishakaa siku kadhaa utakujua kule kuganda kwake kabla hakujaja.

Jua liwe mgongoni au ubavuni mwako mwanzoni. Kupiga dhidi ya jua kunapendeza, lakini jifunze kwanza kutembea.

Adabu za mahali

Kiota usikisogelee, hata kama umekiona wewe peke yako. Ukifunua majani kupata picha, mwewe na kunguru nao wameonyeshwa njia. Usimtoe kaa tunduni kwa kijiti. Usirushe jiwe ndege waruke. Usiwachezee ndege sauti za wenzao kutoka kwenye simu kuwavuta karibu, unawapotezea muda wa kula. Watu waombwe: wale akina mama wanaookota chaza si sehemu ya mandhari, ni watu walioko kazini, na “habari za asubuhi mama, naomba nipige picha” haichukui sekunde tano. Akikataa, amekataa. Kambi za jeshi, bandari na madaraja elekeza lenzi kwingine. Ukitaka kuingia hifadhi ya msitu au ya taifa, uliza taratibu za kibali na kiingilio kabla ya kufunga safari.

Hatua ya sita: usifute kitu kwa siku saba

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa moyo wa jambo lote.

Tukishapiga picha mbaya tunaifuta pale pale, tukiwa bado tumechuchumaa. Tunabaki na nzuri tatu na kuamini hivyo ndivyo tulivyo. Ziache zote 36. Siku ya saba, kaa mezani na daftari, zipitie kwa mfuatano zilivyopigwa, na kwa kila iliyoharibika andika mstari mmoja: nini kimeharibika, na sekunde moja kabla ya kubonyeza nilikuwa nafanya nini. Usiandike funzo. Andika kilichotokea. Nakupa kurasa zangu kama zilivyo:

“Na. 4. Kaa nusu, nusu yuko tunduni. Nilibonyeza alipoanza kutoka.”

“Na. 5. Vile vile.”

“Na. 9. Imetikisika. Nilikuwa nasimama huku nabonyeza.”

“Na. 11. Yangeyange mgongo. Alikuwa anageuka, sikusubiri.”

“Na. 12. Yangeyange hayupo.”

Baada ya safari ya tano au ya sita, chora mstari chini ya makosa yanayojirudia. Kwangu halikuwa jambo la kutafuta kwa tochi. Nilihesabu: katika picha 36 za siku moja, 27 nilizipiga ndani ya dakika kumi za mwanzo tangu kaa watokee, na karibu zote zilikuwa za kiumbe ambaye hajamaliza kufanya alichokuwa anafanya. Nilikuwa nawahi. Nilibonyeza wakati anatoka, wakati anageuka, wakati ananyanyua. Nikafunga daftari, nikamwambia mke wangu jikoni, kwa sauti ya mtu aliyevumbua kitu: “Unajua mimi huwa nawahi, sisubiri mtu am—”

“Amalize,” akasema. “Miaka kumi na moja nakwambia.”

Wewe kosa lako litakuwa lingine. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa tukienda naye, picha zake zote zilikuwa za mbali. Hata kaa aliyemzoea kabisa alimpiga akiwa hatua kumi, na alipoziona zimepangwa pamoja alinyamaza muda mrefu. Mwingine humweka kiumbe katikati kabisa kila mara, kama picha ya pasipoti, hathubutu kumsogeza pembeni. Mwingine hupiga kile ambacho mwenzake amepiga, kwa pembe ile ile. Yupo anayepata picha nzuri namba 3 na kuendelea kuirudia hadi namba 30, asiamini kwamba ameshaipata.

Lakini tahadhari. Si kila ukungu ni tabia. Picha zangu za wiki mbili zilitoka na utando, nikaandika kurasa nzima juu ya kutokuona mambo waziwazi, kumbe mwanangu alikuwa ameshika lenzi akiwa na mafuta ya maandazi. Kabla ya kujisoma, safisha kioo. Kosa lijirudie safari tatu na zaidi, lenzi ikiwa safi na mwanga ukiwa tofauti, ndipo uliite lako.

Hatua ya saba: lijaribu jambo moja nje ya tope

Ukishalijua kosa linalojirudia, ligeuze kuwa zoezi la mkono kwanza, kisha la maisha. Zoezi langu la mkono lilikuwa hili: kaa akianza kutoka, nihesabu mpaka nane kimoyomoyo ndipo niguse simu. Safari tatu nilishindwa. Ya nne nilifika nane, na kwenye sita ile ile ndipo dume alipopandisha gando. Nikakuta kumbe tukio lote nililokuwa nikilitafuta hukaa upande wa pili wa namba tano.

Halafu ofisini. Nilijipa wiki moja: mtu akimaliza sentensi, nihesabu mpaka tatu ndipo nijibu. Usijipe mwezi wala mwaka, na usimtangazie mtu. Jumatatu nilisahau kabisa. Jumanne nilikumbuka mara mbili. Siku ya Alhamisi kijana mmoja wa idara yetu alikuja kuomba ruhusa ya siku mbili. Nilikuwa na jibu mdomoni, nikahesabu, na kwenye mbili akaongeza kwa sauti ya chini kwamba mtoto wake amelazwa. Mwaka uliopita ningekuwa nimeshamjibu kuhusu ripoti ya mwisho wa mwezi.

Andika matokeo kwenye daftari lile lile la kaa, ukurasa unaofuata, kwa lugha ile ile kavu. “Jumatano: nilikatiza watu wanne.” Ukianza kuandika kwa maneno makubwa, rudi kwenye hesabu.

Siku zisizo na kitu

Zitakuwepo. Mvua ya masika itakufukuza, kusi litavuma mpaka simu ishindwe kutulia mkononi, au maji yatakupwa vizuri, mwanga utatulia, na hakuna kaa hata mmoja atakayetoka, hutajua kwa nini. Siku hizo piga picha moja tu ya mti ule ule, kutoka mahali pale pale. Mimi nina mchu wangu. Nimeupiga zaidi ya mara arobaini kutoka kwenye ncha ya ile ngalawa mbovu. Ukizipitisha picha haraka kwa kidole, unauona unashusha majani, unachanua, na upande wa kushoto unatokea mche ambao siku zote nilikuwa nikikanyaga kando yake bila kujua kwamba upo. Sululu, ndege wa pwani wa mdomo mrefu, waliotoka kaskazini ya mbali, wanaingia kwenye picha za Septemba na kutoweka baada ya Aprili. Sikuwa nikiwapiga wao, walipita tu.

Hatua ya mwisho: safisha picha, uwape watu

Kila miezi mitatu chagua picha moja, moja tu, uisafishe studio ya mtaani kwenye karatasi. Kwenye simu tunapitisha macho. Karatasi unaishika, unaiweka mezani, unaiona wakati wa chai. Usiibandike mtandaoni kabla ya kumwonyesha mtu mmoja uso kwa uso, ikiwezekana mtu asiyejali kamera lakini anayekijua kile ulichokipiga. Mwulize swali moja: “Unaona nini?” Kisha nyamaza, na mpaka hapo utakuwa umeshajifunza kunyamaza kidogo.

Mimi nilimpelekea yule babu wa nyavu. Picha niliyojivunia kuliko zote: dume amenyanyua gando, tope nyuma limekuwa kama moshi, tone la maji linaning'inia kwenye ncha. Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaigeuza kuangalia mgongoni kama kuna kitu kimeandikwa.

“Huyu mashoto,” akasema.

“Vipi babu?”

“Gando lake kubwa liko kushoto. Wapo wa kulia, wapo mashoto. Mwaka mzima unalala kwenye tope, hujaona?”

Nilirudi nyumbani, nikafungua picha zote tangu siku ya kwanza, pamoja na zile mbovu ambazo sikuzifuta, nikaanza kuhesabu.